Sifuri Iliyobandikwa Ubaoni

Restuta hajui kuficha kitu. Siku matokeo ya SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, yalipotoka, jumuiya ilikuwa inasali nyumbani kwake, hapa Hayes, Uingereza. Wakati wa shukrani alisimama akatangaza alama za binti yake Tatiana, elfu moja mia mbili na arobaini kati ya elfu moja mia sita. Watu wakapiga makofi. Kitumbua kikaingia mchanga Protas, mwenyekiti wao, aliposema mpwa wake alizipita hizo kwa mbali na bado Wamarekani walimkataa.

Tatiana alikuwa anaomba chuo Marekani, kwa ufadhili kamili. Bila ufadhili, safari hakuna. Mwalimu wake, Bi Kalpana, alikuwa amemweleza kwamba chuo hicho hakilazimishi alama. Anayetaka anatuma, asiyetaka anaacha, na hizo zake zingemshusha.

"Tuma," Restuta alisema Jumapili, siku ya mwisho ya kuomba, huku akimenya ndizi. "Anayeficha matokeo ana lake jambo. Watasema unaogopa."

"Siogopi, mama. Sitaki tu," Tatiana alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

"Mimi kidato cha nne nilipata sifuri. Ikabandikwa ubaoni na jina langu lote, kila mpita njia akasoma. Muuza maziwa alimpasha baba habari kabla sijafika nyumbani. Nilikufa? Nikarudia, nikafaulu, na leo nawauguza Waingereza. Tuma wakuone."

Tatiana aligeuka kutoka kwenye kompyuta. Safari hii alisema Kiswahili, kile chake cha kuungaunga.

"Mama, wao walikuuliza? Kabla ya kubandika?"

Kisu kikasimama. Hakuna aliyemuuliza. Miaka yote hii Restuta ameisimulia ile sifuri kwa majigambo, na hajawahi kumwambia mtu kwamba alikuwa anazunguka nyuma ya kanisa ili asipite mbele ya shule. Iliuma, tena iliuma sana. Na huyu mtoto, aliyemlea kwa zamu za usiku, ameulizwa kwa heshima zake: utaonyesha, au hutaonyesha? Kumbe inawezekana mtu kuulizwa.

"Basi acha," alisema. "Wasome insha yako. Wakitaka alama, wakatafute za mpwa wa Protas."

Tatiana akacheka, akabonyeza, maombi yakaenda bila alama.

Wiki iliyofuata jumuiya ilisali kwa Protas. Chai ilikuwa inamiminwa alipouliza, kwa sauti ya kufika hadi jikoni, "Mama Tatiana, zile alama mlizituma? Sisi ndio tunaowaombea, lazima tujue."

Watu wakageuka wamsikilize. Restuta wa juzi angejieleza mpaka chai ipoe. Huyu alipokea kikombe chake, akakoroga sukari, akanywa kidogo.

"Chuo chenyewe hakikuthubutu kulidai hilo, kaka Protas," alisema, "sembuse wewe."