Nilivyompangia mama safari ya macho Kochi nikiwa Doha, wakamkatalia mlangoni

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hili limenikuta mwenyewe mwezi uliopita na sijalitia chumvi. Naliandika kwa sababu najua humu kuna mtu anapanga kumpeleka mzazi wake India.

Mimi ni Mtanga, niko Doha mwaka wa sita. Nafanya kazi hotelini West Bay, dawati la kuhudumia wageni. Mgeni akitaka siku tatu Istanbul au Goa, mimi ndiye nampangia ndege, gari na chumba. Sijawahi kupoteza mgeni hata mmoja.

Sasa mama. Jicho la kulia lilishafunga, la kushoto limebaki ukungu. Mtoto wa jicho, na mengine juu yake.

Nikapata hospitali Kochi, mji wa pwani kusini mwa India. Mama hakutaka. Kaka zangu nao hawakutaka. Nikang'ang'ana peke yangu mpaka akakubali, kwa sharti: "Nikiona bughudha, narudi kwangu Tanga na jicho langu."

Na daktari wake anapasua macho ya aina ile Jumatano tu. Ukiikosa, umeikosa.

Chumba nikamwachia Biju. Biju ni Mhindi wa Kerala, mkoa huo huo wa Kochi, anabeba mizigo hapa hotelini na tunalala chumba kimoja. Akasema kuna lodge ukivuka barabara tu kutoka hospitali, safi, hata mama yake aliwahi kulala pale. Akapiga simu, akaweka booking kwa jina lake. Nikaridhika.

Wakuu, ukiishi na watu wa Kerala miaka sita, unakula vyakula vyao, unazijua sikukuu zao, unajiona na wewe ni mwenyeji kule. Kumbe wapi.

Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi. Wageni wanaondoka, foleni ndefu, simu inatetemeka mfukoni. Ni Zuhura, mdogo wangu aliyemsindikiza mama.

"Kaka, wametukatalia. Wanauliza Biju yuko wapi. Wanasema watu wa nchi nyingine hawalali hapa."

Nikakimbilia chumba cha mizigo, aliko Biju, nikamwambia Zuhura ampe meneja simu. Meneja wa lodge, mzee kwa sauti yake, akanieleza kwa upole kwamba kule kila raia wa kigeni akilala mahali lazima aripotiwe serikalini, na lodge yake haijasajiliwa kwa hilo. Akimlaza mama, wanaweza kumfungia. Biju akachukua simu, wakaongea lugha yao. Jibu lile lile.

Hapo nikapandwa. Nilimwambia yule mzee maneno ambayo mods wangeyafuta humu. Nikakata simu.

Ikawa kuzunguka sasa. Napiga hoteli hii ya kule Kochi, chumba hakipatikani mpaka jioni. Narudi dawatini, namchekea Mfaransa anayeuliza njia ya makumbusho. Narudi chumba cha mizigo. Zuhura anaandika: mama kanyamaza. Dakika tano, anaandika tena: mama bado kanyamaza. Anayemjua mama yangu anajua kimya kile kinaishia wapi.

Msimamizi wetu, dada Mkenya anaitwa Wanjiru, akaniona.

"Wewe, leo uko na nini? Unatoka unaingia ka mtu tumbo imemshika."

Nikamweleza. Pole sikupewa.

"Ingekuwa ni guest wetu, ungemuuliza nini kwanza?"

"Pasipoti ya nchi gani."

"Sasa kwa mamako ukasahau kazi yako? Hiyo hospitali si iliwaandikia barua ya visa? Umeisoma yote?"

Barua ilikuwa kwenye simu yangu wiki tatu. Nilisoma ukurasa wa kwanza tu, wenye tarehe. Wa pili ulikuwa na namba ya ofisi inayohudumia wagonjwa kutoka nchi nyingine, pamoja na nyumba yao ya kufikia. Nikapiga. Nusu saa haikuisha, mtu akaja na kiti cha magurudumu akawavusha barabara.

Nikashusha pumzi. Nilijidanganya.

Saa saba mchana Zuhura tena. Presha ya mama imepanda, nesi anasema isiposhuka mpaka asubuhi, hapasuliwi. Nikaomba nipewe mama.

"Mama, chumba si mmepata? Nini tena?"

"Chumba nimekipata. Yule baba ulimtukania nini?"

Kumbe Zuhura aliweka simu spika.

"Mama, aliwafukuza."

"Nani katufukuza? Alitupa viti, mkewe kanishika mkono kanipeleka chooni. Kizungu sikijui, lakini mwanangu akitukana namjua. Na yule baba katoka kutukanwa, kaja kanimiminia chai. Nimeona haya hadi moyo wanidunda. Mpigie."

"Nikitoka kazini..."

"Sasa hivi. Na mie nisikie."

Nikaunganisha simu, tukawa pamoja. Nikaomba radhi kwa Kiingereza, nikarudia kwa Kiswahili ili mama asikie. Mzee akauliza jambo moja tu: mama amekula?

"Kasemaje?" mama akauliza. Nikamwambia.

"Haya. Mwiteni nesi aje apime tena."

Jumatano akapasuliwa. Alhamisi wakafungua bandeji, Zuhura akanipigia video. Nikajiweka sawa, nikajua mama anataka kuniona mimi.

Wapi! Walikuwa wanavuka barabara, mama mbele, anakwenda kumwona sura baba aliyempa chai.

Somo: uliza kwanza kama wanapokea pasipoti yako, soma barua mpaka mwisho, na mtu akikukatalia kwa sababu ya sheria, usimvunjie heshima.

Mimi hadi leo simu ikitetemeka nashtuka. Waliopeleka wagonjwa huko, tupeni uzoefu wenu. Na kama kuna mwingine aliyewahi kumtukana mtu huku mtu huyo anamhudumia mama yake, asione haya kusema. Tutakuwa wawili.