Upande wa Kuume

Kwetu Butembo mkono wa kulia tunauita mkono wa kuume, na neno hilo ndilo lililoniponza. Mwanangu alipozaliwa, nilimpakata upande wa kulia. Nilijiambia kwamba mtoto wa kiume mahali pake ni kuume, nikajiona nimefikiri kwelikweli. Kila nilipombeba hivyo, alilia mpaka sauti ikamkauka.

Lingekuwa jambo la kucheka, ila likizo ya uzazi ya mke wangu ilikuwa inaisha. Yeye ni mwalimu. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, kwa hiyo mtoto angebaki nami. Alhamisi akanipa muda hadi Jumatatu, akaniambia, "Kama mpaka lundi mutoto hajakuzobelea, naacha kazi." Kazi ile aliipenda sana, nami niliogopa.

Jumapili kanisani sikusikiliza mahubiri hata kidogo. Nilikuwa nawaangalia akina mama. Karibu wote walikuwa wamewaweka watoto kushoto, vichwa karibu na moyo. Njiani mke wangu akanieleza kwamba mkono wa kulia lazima ubaki huru kwa kazi. Nikakubali, hadi tulipofika kwa dada yangu. Huyo anatumia mkono wa kushoto tangu utotoni, hata sombe, yale majani ya muhogo, anatwanga kwa kushoto, na bado mtoto wake alikuwa amemlalia mkono uleule. Nikamuuliza kwa nini.

"Sijue," akasema. "Mukono inaenda yenyewe. Na wewe, mbona unabebaka wako kuume?"

Nilipomweleza sababu yangu, yeye na mke wangu walicheka hadi nikaona haya. Tuliporudi nyumbani nikamhamishia mtoto kushoto. Akaguna, akatafuta mahali pa kuweka sikio, akatulia. Huenda ni mapigo ya moyo. Huenda ni mimi mwenyewe niliyekuwa nimelegea baada ya kuchekwa. Mpaka leo sijui, na inanikera.

Jumatatu asubuhi mke wangu alitoka na mkoba wake. Nikasogea dirishani, mtoto kifuani, kimya. Mama yake alikuwa amesimama nje ya lango, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Nikaelewa kwamba anasubiri kilio kimoja tu ili arudi. Kilio hakikuja. Akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akaenda kazini, nami nikaionea aibu furaha niliyokuwa nayo.