Usenbek Alipomwita Marehemu Atoe Baraka

Mjini Karakol, Usenbek alikuwa mshereheshaji wa harusi, na watu walimpendea jambo moja: hakukosea jina la mtu. Kila alichoambiwa alikiandika kwenye simu, nani atoe baraka, shangazi yupi asikalishwe karibu na wifi yake. Lakini macho yalishapungua nguvu, hivyo ukumbini alisomea kwenye kishikwambi chenye herufi kubwa alichobeba mkobani. Kabla ya harusi aliketi jikoni akinakili kimoja kimoja kutoka kwenye simu.

"Baba, si ulipie tu?" bintiye Aizirek alimwambia. "Ukiandika kwenye simu, yanatokea yenyewe kwenye kishikwambi. Som mia tatu kwa mwezi."

"Nilipe ili maneno yangu mwenyewe yatoke mfukoni yaingie mkobani? Mkono wangu una kazi gani?"

"Mkono wako unasahau."

"Ungekuwa unasahau, ungekula nini wewe?"

Majira ya baridi, familia ya Mzee Sharshen ilimpa kazi ya harusi ya mjukuu, naye akanakili orodha yao mara moja. Masika mzee akafariki, harusi ikasogezwa hadi vuli. Usenbek alipopigiwa alisikitika sana, akaandika habari ile kwenye simu. Kuinakili, akapitiwa.

Siku ya harusi, nyama ilipokwisha kuliwa, alisoma kwa sauti yake nene: "Sasa namwomba babu wa bwana harusi, Mzee Sharshen, asimame atupe baraka."

Watu wakatazamana. Hapo ndipo alipokumbuka.

Mjane wa mzee, Bi Bubusara, akasimama akishikilia meza. "Mume wangu hata siku ya harusi yetu alichelewa," alisema. "Leo tusimngoje. Nitamsemea mimi."

Akawabariki wajukuu kwa maneno ambayo mumewe alizoea kuyasema, mpaka kikohozi chake akakiigiza. Watu walicheka huku wakifuta machozi.

Baadaye Usenbek alimwendea, kichwa chini. "Bibi, nisamehe. Nimekutia aibu."

"Aibu gani? Tangu asubuhi wananizunguka hapa, jina lake wanalikwepa kama kaa la moto. Wewe peke yako umelitamka. Kaa ule, umekonda."

Kesho yake alimpa Aizirek kadi ya benki. "Lipia kile kitu."

"Si umesema bibi alifurahi?"

"Alifurahi kwa sababu ni Bi Bubusara. Mwingine angenirushia bakuli, na haki ingekuwa yake."

Huduma ilipoanza, aliandika neno "supu" kwenye simu, akaliona likichomoza kwenye kishikwambi. Akacheka, akaandika jingine, na jingine, mpaka chai ikapoa.

Tangu hapo, akienda kupanga harusi na familia yoyote, huuliza taratibu kama kuna marehemu wangependa atajwe. Wengi humsogezea chai kwanza. Kisha humpa jina.