Sala ya Kupanda Kilima

Kila ninaponusa mtungi mpya uliolowa maji, napanda tena kilima cha Kasongo nyuma ya mama.

Mama alipata Ukristo kwenye misioni ya ziwani. Kila asubuhi tulioga mtoni kwa sabuni ya majivu, kisha tukapanda na mitungi kichwani tukisali Baba Yetu polepole, tusiishiwe pumzi.

“Mwili ni wa Mungu, uutie nguvu,” aliniambia. “Baba yako alichoka na mzigo wa pembe za ndovu njia ya Kabambare, nyapara wa msafara akamwacha porini amefungwa.”

Nyapara huyo alikaa katikati ya kilima. Tulifika mlangoni pake kwenye maneno ya kuwasamehe waliotukosea. Hapo mama alifunga mdomo mpaka tupite.

“Mama Sala, Mungu wako amekosa punda?” nyapara alimcheka.

Mwaka wa ndui tulimkuta amelala kizingitini, peke yake, uso umejaa vidonda.

“Mama, maji iko? Munipe kidogo,” nyapara aliomba.

Mtungi ulikuwa umejaa, maji yakimchuruzika mama shingoni.

“Panda, mwana wangu,” aliniambia. “Usipoteze pumzi.”

Tulipompita, akaendelea na sala, kwa sauti kubwa kuliko siku zote.