Mguu wa Mwalimu Zege

Kama afya ya akili ni kutotoa machozi, basi mwalimu mmoja wa udereva aliyepewa jina la Zege alikuwa mzima kuliko watu wote wa mtaa wake, na pengine angefaa kuwekwa kwenye kabati la vioo watu wapite kumtazama. Mama yake alifariki Jumatatu. Alhamisi, saa mbili asubuhi, Zege alikuwa ndani ya gari la shule ya udereva, mkanda umefungwa, akimweleza karani mmoja wa benki kwamba klachi si mende wa kukanyagwa kwa hasira.

Kwenye mazishi yeye ndiye aliyepanga viti, aliyepokea wageni, aliyehangaika na spika ilipogoma, na aliyemdaka mjomba wake alipoishiwa nguvu. Dada zake walilia mpaka sauti zikakauka. Yeye alizunguka na orodha mfukoni, na ndugu wakamtazama wakaridhika.

"Huyu ndiye kifungua mimba bwana," shangazi yake alisema. "Amejikaza kisabuni."

Hakuna aliyemuuliza kama amekula. Watu imara, inavyoonekana, hawali.

Kazini nako sifa hazikupungua. Bosi, mwenye shule yake, alikuwa amesikia mahali kwamba wafanyakazi wa siku hizi wana kitu kinaitwa afya ya akili, akaona si vizuri shule yake ikikosa. Akaleta mtaalamu. Mtaalamu alikuja na kompyuta, suti ya bluu na picha ya mti uliopindwa na upepo, akawaeleza walimu sita na karani wa shule, kwa saa tatu mfululizo, umuhimu wa kupumzika. Aliwafundisha kuvuta pumzi, jambo ambalo wengi wao walikuwa wakilifanya tangu kuzaliwa bila kusimamiwa. Mwisho akaomba aonyeshwe mtu mstahimilivu, mfano hai.

Bosi hakusita. "Zege, hebu simama. Huyu bwana kazika mama mzazi, siku ya tatu yuko barabarani. Hajaomba ruhusa hata ya nusu siku."

Walimpigia makofi. Akapewa cheti chenye mhuri. Alipokaa alihisi kifua kinambana, akalisingizia shati.

Jambo ambalo halikuandikwa kwenye cheti ni mguu wake. Gari la kufundishia lina pedali mbili za breki, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, nazo zimeunganishwa: mwalimu akikanyaga ya kwake, ya mwanafunzi nayo inazama. Ile ya pili imewekwa kwa ajili ya hatari. Na tangu mazishi Zege aliona hatari kila mahali. Mbwa aliyelala kando ya barabara, hatari. Mtu aliyesimama na mwavuli akisubiri mambo yake, hatari. Kila mwanafunzi alipogusa breki, Zege alikuwa ameshakanyaga ya kwake, taratibu, kwa ufundi wa miaka kumi na tisa, moyo ukimwenda mbio na viganja vikiloa jasho. Uso wake haukusema kitu. Mdomo ulisema, "Vizuri sana. Umesimama vizuri."

Basi wanafunzi wake wakajifunza kwamba breki ni kitu cha kugusa tu, kama swichi ya kengele mlangoni. Siku ya mtihani waliingia kwenye gari la mtahini, ambaye hakuwa na sababu ya kumkanyagia mtu, wakaigusa breki kwa adabu, na gari likaendelea na safari zake. Wa kwanza aliangusha koni tatu. Wa pili aliparamia bustani ya maua mbele ya ofisi yenyewe ya mitihani. Ndani ya miezi minane wakaanguka saba kwa kosa lile lile. Bosi akafanya uchunguzi wa kina, akagundua kwamba wanafunzi wa siku hizi hawana umakini. Mwalimu mwenye cheti angehusikaje?

Nyumbani, mkewe alimuuliza mara moja tu kwa nini siku hizi anakaa sana bafuni, bomba likimwaga maji na ndoo imeshajaa.

"Nanawa," alisema.

Mkewe akayapokea hayo, maana na yeye alikuwa amewatambia mashoga zake wote kwamba ameolewa na mwanamume asiyeyumba.

Zege alijua ni mguu wake. Alijua tangu mwanafunzi wa tatu. Lakini akisema ataondolewa barabarani, na kazi nyingine hana. Hilo aliliogopa, ila lipo aliloliogopa zaidi: kwamba siku akianza kulia hatanyamaza tena, na watu watamwona.

Mwanafunzi wa saba alikuwa mkunga mstaafu wa miaka sitini na mitatu, aliyetaka leseni ili aende kuwaona wajukuu zake bila kumbembeleza mkwe wake, bingwa wa kusema "kesho, mama". Alikuwa ameanguka mtihani mara mbili. Tena alikuwa ametumia miaka thelathini na tano akitazama nyuso za watu wanaodai hawasikii maumivu.

"Mwalimu," alimwambia asubuhi moja, wakiwa wameegesha kwenye barabara tupu nyuma ya kiwanda, "breki ya gari hili laini. Ya yule mtahini ngumu kama kichwa cha mkwe wangu. Kwa nini?"

"Magari hayafanani, mama."

"Haya. Hebu vuta miguu yako nyuma, chini ya kiti. Yote miwili. Niione."

"Kanuni hazituruhusu, mama."

"Na kuniangusha mara mbili, hiyo kanuni ya wapi?"

Zege alicheka kile kicheko chake cha kazini. Kisha akavuta miguu, kwa sababu alikuwa amechoka kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Wakaondoka polepole. Mbele yao, mbali kidogo, mtu akaanza kuvusha mkokoteni. Goti la Zege likaanza kutetemeka, likafuata paja, akalishika kwa mikono miwili asije akalipoteza. Mkunga akaigusa breki kwa adabu, kama alivyofundishwa. Gari halikujali. Akaikanyaga kwa nguvu zake zote, na gari likasimama kwa kishindo, hatua nne kutoka kwenye mkokoteni. Mwenye mkokoteni akawatupia jicho, akasonya, akaendelea kuvuka.

"Kumbe," mkunga alisema.

Akageuka ampe mwalimu wake maneno makali aliyokuwa ameyaweka akiba tangu mtihani wa kwanza. Hakuyasema. Zege alikuwa bado ameshika goti, na machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye daftari la maendeleo ya wanafunzi.

"Imeanza lini?"

"Mama alipofariki."

"Ulimlilia?"

"Kulikuwa na viti vya kupanga."

Mkunga hakumwambia ajikaze. Alisogeza gari pembeni, akawasha taa za tahadhari, akazima injini. "Basi lia. Wajukuu wangu wananingoja tangu mwaka juzi, nusu saa haitawaua."

Akalia. Hakulia kiume wala kwa heshima; alilia na kamasi zake, kichwa kwenye dashibodi, akimwita mama yake kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Kisha, kinyume na alivyoogopa miezi yote hiyo, akanyamaza. Barabara ilikuwa pale pale. Wakamalizia somo, na mkunga akasimamisha gari mwenyewe mara kumi na moja, kila mara kwa mshtuko, bila miguu ya mtu mwingine.

Kesho yake Zege alikwenda ofisini kwa bosi, akamweleza habari za mguu na za wale wanafunzi saba, mmoja mmoja. Bosi alitabasamu akisubiri utani ufike mwisho. Haukufika.

"Naomba likizo," Zege alisema. "Naumwa."

"Wewe?" Bosi akavuta fomu, akashika kalamu. "Unaumwa nini? Lazima niandike kitu hapa."

"Mama yangu amefariki."

Bosi akaweka kalamu chini. "Pole sana, Zege. Lakini hiyo si ina miezi minane sasa?"

"Ndiyo, bosi," alisema. "Mimi habari zimenifikia jana."