Wifi Yangu na Neno Barabara

Wifi yangu ni Mnorwei, na huko kwao aliwahi kuwa mwimbaji anayejulikana hadi na wauza samaki. Sisi wa Dodoma tulichelewa kulijua hilo. Kaka alipomleta baada ya masomo alitwambia tu kwamba mkewe anafanya kazi ya muziki. Mama, aliyetulea Kondoa kwa kulima alizeti, akauliza kazi yenyewe hasa ni ipi. Kaka akarudia kwamba ni muziki. Mama akamtuliza, akasema asijali, bado kijana, kazi atapata.

Ukweli tuliujua siku tuliyomtoa mama kula chakula mjini. Mzungu mmoja wa meza ya pili alimkodolea wifi macho, akaweka uma chini, akasimama na kuimba ubeti mzima huku machozi yanamlengalenga. Mama aliniinamia akaniuliza kwa kunong'ona kama huyo ndiye mume wake wa zamani.

Ndipo wifi akatueleza. Alizaliwa katika mji mdogo wa kaskazini, ambako wakati wa baridi jua halichomozi kabisa, akaanza kuimba na bendi ya shule. Akiwa na miaka kumi na tisa alitunga wimbo wa pop wa mapenzi, na kiangazi hicho redio zote hazikupiga kingine. Akajaza viwanja. Albamu ya pili ilikwenda vizuri, ya tatu ikadoda, akageukia kuwatungia wenzake, pamoja na matangazo ya biashara. Mimi katika kazi zake zote naupenda zaidi wimbo wa jibini. Siku hizi anatungia nyumbani kwao Msalato, hapa hapa Dodoma, katika chumba cha nyuma, na magodoro ameyaegemeza ukutani ili kuku wa jirani wasiingie kwenye rekodi. Umaarufu hausikitikii hata kidogo. Anasema ulikuwa unambana.

Kilichomsikitisha ni mama. Mama hakumchukia, na naona angemchukia ingekuwa nafuu. Miaka minne alimwita "mgeni wetu", akampa kiti kizuri na paja la kuku, wala hakumruhusu kugusa sufuria. Wifi akisema kwamba jana alimpika mume wake, mama alitabasamu na kumsifu kwa Kiswahili safi. Mgeni hakosolewi. Sisi watoto tulikosolewa hadi namna ya kukohoa. Wifi aliiona tofauti hiyo na ikamuuma. Aliniambia waziwazi kwamba amechoka kukaa kwenye kile kiti.

Basi mdogo wetu wa mwisho alipokuwa anaolewa, wifi akaamua kutunga wimbo wa kumsifu mama, auimbe kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi. Alinitumia maneno kwenye simu niyakague. Kiitikio kilisema: "Mume wangu kalelewa barabara." Nikamjibu kwamba hayana kasoro. Na kwenye maandishi kweli hayakuwa nayo.

Kumbe kasoro ilikuwa kwenye muziki. Neno "barabara" ukiikaza "ra" ya kwanza, maana yake ni sawasawa, vizuri kabisa. Ukisogeza mkazo hadi "ba" ya pili, umeshafika njiani kwenye malori. Wifi, fundi wa kupandisha sauti, alikuwa ameipandisha "ba" hiyo hadi darini. Ukumbi mzima ukasikia kwamba kaka yangu ni mtoto wa mitaani. Mashangazi waliziba midomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Wifi akadhani mambo yamenoga, akakirudia kiitikio kwa nguvu zaidi.

Mama akainuka. Nilitamani umeme ukatike. Alitembea taratibu hadi mbele, akaushika mkono wa wifi uliobeba kipaza sauti, na muziki ukazimwa.

"Mwanangu sikumlea na malori," mama akasema, na kipaza sauti kikayasambaza maneno hayo. "Si barabára. Barábara. Hebu sema."

Wifi akasema.

"Umekosea tena. Fungua mdomo."

Wageni wengine waliona aibu kwa niaba yake, na mkwe mtarajiwa akaanza kuchunguza viatu vyake. Mimi nilimtazama wifi. Alikuwa analia, na kati ya kilio anasema barábara, barábara, hadi mama akaridhika na kumwamuru aanze upya tangu ubeti wa kwanza.

Tangu hapo hakuna kinachosalimika. Ugali wake mwororo, mtandio kaufunga vibaya, mume amekonda. Juzi alinipigia simu kutoka Kondoa, alikokwenda kumsaidia mama kuvuna. Akaniambia amegombezwa tangu asubuhi. Nikamuuliza kwa kosa gani. Akasema hajui, maana mama alikuwa anafoka kwa Kirangi, lugha yetu ya nyumbani, mwanzo mpaka mwisho.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Wifi," akasema, "amesahau kwamba sikijui."