Lango Lisilo na Nyumba

Niliondoka Ujiji kwa sababu ya mama mmoja aliyekuwa akishinda barazani kwangu, mtaa wa Kasingirima, macho njiani. Alishuka ufukweni Kibirizi na boti ya wakimbizi kutoka Burundi, akimuulizia binti yake aliyemtanguliza vita vilipoanza. Binti huyo, Jenerosa, nilimlea mimi, kisha mjomba wake akamchukua Uingereza. Nilipompigia simu kumwambia mama yake yu hai, alikata. Nikaona hili ni la kwenda mwenyewe.

Treni kutoka Kigoma, ndege kutoka Dar es Salaam. Angani sikusemeshwa na mtu, na mimi nisiposemeshwa huumwa.

Mji wao ulinipokea kwa mvua. Jenerosa alikuwa akiuza tiketi kwenye lango la kale la watawa, lililojengwa karne nyingi zilizopita. Lilikuwa wazi, lakini mtu na adabu zake: nikasimama nje, nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili, Wazungu wakanipita. Ya tatu nayo haikuitikiwa, nikageuka niondoke kama desturi yetu ilivyo.

"Baba!" Jenerosa alitoka mbio. "Shikamoo! Hapa hawapigi hodi, unaingia tu."

"Marahaba, mwanangu. Mimi siingii kwa watu kama mbuzi."

Alicheka, akanitembeza. Mimi ni mwashi, nilisahau baridi. Tao kubwa lilikuwa la mikokoteni, dogo la waenda kwa miguu. Dari ya mawe ilishikwa na mbavu zilizokutana katikati, bila nguzo. Kuta mbili zilichongwa mfereji wa kushushia wavu wa chuma adui akija. Juu ndiko alikolala bawabu wa zamani, madirisha yake membamba nje, mapana ndani. Tukatokea upande wa pili: majani matupu.

"Nyumba iko wapi?"

"Mfalme aliwafukuza watawa. Watu wakabomoa, wakabeba mawe wakajengee kwao. Lango wakaliacha."

"Mama yako anakungoja, Jenerosa."

"Alinisukuma botini, yeye akabaki. Nimemlilia, baba, nikamzika moyoni. Nitamfukuaje?"

Upweke niliousikia pale sijawahi kuusikia hata msibani.

Nilirudi peke yangu. Stesheni ya Kigoma mama yule alikuwa akitazama nyuma yangu, huenda kuna mtu anashuka. Nilimweleza yote, hata habari za lango: nyumba ilivunjwa, lenyewe limebaki wazi.

"Ego," akaitika kwa Kirundi. Ndiyo.

Nilichojifunza ni kwamba ziko hodi ambazo tatu hazitoshi. Siku hizi mtu akibisha kwangu, hata muuza dagaa, mama yule huniwahi mimi mwenye nyumba: "Karibu!" Kisha ndipo huinuka kutazama ni nani.